Bibi anakohoa na ameanza kuongea vitu havieleweki: maswali mnayoniuliza kuhusu korona na ubongo

Mimi ni muuguzi huku Mbeya. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, madirisha yanafungwa, nyumba nzima inakoholeana, na korona bado ipo humo humo. Kinachoniumiza ni wagonjwa wanaoletwa siku ya tatu au ya nne toka wachanganyikiwe.

Korona si ni ya mapafu, kichwani inafikaje?

Inaanzia kwenye njia ya hewa ndio, ila oksijeni ikishuka kwenye damu ubongo unaumia mapema sana, alafu korona inafanya damu igande kirahisi, bonge likiziba mshipa wa kichwani hicho ni kiharusi.

Nanusa kahawa sisikii chochote, nikimbie hospitali?

Kama ni hiyo tu, tulia, nenda kapime na ukae mbali na wazee. Wengi harufu inarudi ndani ya wiki chache. Ila kuwa makini na gesi ikivuja au chakula kilichochacha, mana pua haitakwambia.

Bibi anakohoa kidogo, homa hana, toka jana usiku anatuita kwa majina ya watu waliokufa. Si uzee huo?

Sio uzee jamani. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Mzee anaweza kuwa na korona bila homa, na dalili ya kwanza mnayoiona ikawa hiyo hiyo kuweweseka, au analala kutwa na kumwamsha ni kazi. Mleteni leo. Tutampima oksijeni kwa kile kimashine cha kidoleni, sukari, presha na malaria, na hata malaria ikionekana bado oksijeni lazima tuiangalie.

Majirani wanasema katupiwa kitu, tuanze na maombi au kwa mtaalamu wa kienyeji?

Hapana. Hospitali kwanza. Mwombeeni njiani, mchungaji aje wodini, hakuna atakayemfukuza. Ila kumlaza mgonjwa siku mbili kwenye mkeka wa mganga huku oksijeni inashuka ni kumpoteza, na hili nimeliona mara nyingi mpaka nimechoka kuliona.

Basi tumpige nyungu jioni hii, kesho asubuhi tuje?

Hapana tena. Mtu aliyechanganyikiwa unamfunika blanketi na sufuria ya maji ya moto, anaungua, na kama jiko la mkaa liko ndani mnamwongezea moshi wenye sumu juu ya oksijeni ambayo tayari hana. Msimpe na dawa ya usingizi ya dukani eti atulie, akitulia hivyo anaweza asiamke. Uji pia acheni kumlazimisha, ukipaliwa unaingia kwenye mapafu.

Baba alipinda mdomo na mkono ukalegea, baada ya nusu saa akarudi sawa. Bado tuje?

Njooni sasa hivi, hata kama anawaambia amepona na anataka kwenda shambani. Hiyo ni dalili kwamba kiharusi kikubwa kinaweza kufuata. Na kama haijarudi ndo kabisa, mana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, masaa 4 na nusu toka dalili zianze, na kabla ya hapo lazima apigwe picha ya kichwa kwa CT. Sasa mtu anatoka Makete, safari yenyewe inakula muda, alafu nyie mmekaa kikao cha ukoo toka asubuhi kwanza.

Nilipona mwezi uliopita lakini nasahau sahau na nachoka.

Inatokea, kwa wengine inachukua miezi. Lala vya kutosha, rudi kazini taratibu. Ila degedege, mguu kufa ganzi ghafla, au kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, hayo si ya kusubiri.

Tukija tubebe nini?

Dawa zake zote za presha na sukari kwenye mfuko, na mje na mtu anayejua ilikuwa saa ngapi alipoonekana mzima mara ya mwisho.