Baba, Kijana Wako Hahitaji Kutulia

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa tatu wa aina ileile tangu mwezi huu uanze. Aliyeuandika ni baba mmoja, kwa adabu kubwa: "Dada, samahani kwa usumbufu. Kijana wangu ana hiyo dismofia ya mwili. Nimemlipia programu ya kutafakari kwenye simu, kila usiku anavaa hedifoni na kutulia nusu saa nzima. Mbona asubuhi bado anajifungia bafuni na kioo hadi anachelewa chuo?" Nilimhurumia, kwa sababu fedha ameitoa na nia yake ni njema, lakini nakiri kwamba kabla ya kumjibu niliweka simu chini na kwenda kuchemsha chai.

Ugonjwa wenyewe, wa kusongwa na wazo la kasoro katika sura yako, nitaupitia haraka. Si majivuno, wala si ugonjwa wa mitandao ya kijamii: Enrico Morselli, daktari wa akili wa Italia, aliuandikia mwaka 1891, zama ambazo hata sinema haikuwa imeenea. Leo umewekwa katika ukoo mmoja na ugonjwa wa shurutishi, ule wa mawazo na vitendo vinavyojirudia bila mtu kuweza kuviacha, na takriban watu 2 kati ya 100 wanao, huku idadi ikiwa kubwa zaidi kwenye vyumba vya kusubiri vya madaktari wa ngozi na wapasuaji wa urembo, ambao kwa kawaida hawawasaidii, kwa kuwa pua ikishachongwa wasiwasi hubaki palepale au huhamia kwenye kidevu. Wala anayejipaka mkorogo kwa kuwa mtaani weupe unasifiwa hawi mgonjwa kwa hilo peke yake. Ninachouliza mimi ni saa ngapi kwa siku zinakwenda kwenye kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona kwa shida, na ni mambo gani ya maisha yamesimama kwa ajili yake. Basi.

Sasa nirudi kwenye neno linalonichosha, kutulia. Sisi tunaotumia uzingatifu (kwa Kiingereza, mindfulness) katika tiba tumejiponza wenyewe kwa kuwaachia watu waufasiri kuwa ni kutuliza akili. Kutulia na kuzingatia ni vitenzi viwili tofauti katika Kiswahili chetu, na tofauti hiyo ndiyo tiba yenyewe. Anayetulia anataka hali fulani iondoke, kelele zipungue na moyo upoe. Anayezingatia haombi kitu kiondoke, bali anakiona kilichopo, pamoja na hofu yake, halafu anaamua mwenyewe macho yaende wapi na mikono ifanye nini. Programu nyingi za kutafakari zimetungwa kwa ajili ya mtu aliyechoka kazini, na kwake zinafaa. Mwenye dismofia ana shida nyingine kabisa, nayo imo katika namna ya kutazama.

Mtafiti wa magonjwa ya akili Jamie Feusner na wenzake walipochunguza ubongo wa watu hawa wakitazama picha za nyuso, walikuta mwelekeo wa kuchambua vipande vidogo vidogo kuliko kuupokea uso mzima kwa pamoja. Ukikaa na mteja huhitaji mashine kulisikia jambo hilo. Mwambie akueleze sura yake naye atakueleza tundu la kushoto la pua, pale linapokutana na shavu, kana kwamba uso uliobaki ni fremu ya picha. Mtu kama huyo ukimvika hedifoni na sauti laini ikamwambia apitishe fikra zake polepole kwenye paji la uso, mashavu, pua, ukae hapo, uhisi kila kitu, umempa lenzi ya kukuzia mtu ambaye ameshinda na lenzi hiyo mchana kutwa. Wapo wanaoyavumilia mazoezi hayo, lakini wengi wa wateja wangu huyafanya kuwa ibada nyingine: wanapumua kwa dakika kumi ili wapate nguvu ya kukabili kioo, kisha wanakwenda kujikagua kwa utulivu mkubwa. Huyo kijana wa bafuni, kwa maoni yangu, hajashindwa kutafakari. Huenda anafanya vizuri mno.

Ninachofanya mimi ni hiki, na nitakieleza kupitia mteja mmoja ambaye ni mchanganyiko wa wateja kadhaa, ili asitambulike yeyote. Yuko Dar es Salaam, anasoma uhasibu, na barakoa aliyoivaa mwaka 2020 kama sisi sote hakuivua wenzake walipozivua. Tunaonana kwa video. Nyumbani kwao hakuna chumba chenye faragha, kwa hiyo huketi ndani ya gari la mjomba lililoegeshwa uani, na tumekubaliana kwamba mtu akisogea dirishani mara moja tunaanza kuzungumzia mizania ya hesabu. Somo la kioo tulilifanya siku ambayo nyumba ilikuwa tupu. Alisimama mbele ya kabati lenye kioo kirefu, umbali wa mkono ulionyooshwa, si pua kwenye kioo kama alivyozoea, akaanza kueleza kutoka kichwani hadi miguuni kwa maneno ambayo hata karani wa mahakama angeyaandika bila kuinua nyusi. Nywele nyeusi, zimesukwa. Paji la uso. Nyusi mbili. Alipofika puani akanyamaza, kisha akasema, "Imetanda kama..." Nikamkatiza nikamuuliza rangi yake. "Kahawia." Ina matundu mangapi? Akacheka mwenyewe: "Mawili, dada." Tukahamia kwenye midomo.

Wazazi wengi hukwama hapa. Hakusema pua ni mbaya, wala sikumwachia aseme ni nzuri. Wale wanaowaagiza watoto wao wasimame mbele ya kioo na kujiambia "mimi ni mzuri" mara ishirini wanawarudisha kwenye mahakama ileile, ila safari hii wamembadilisha wakili. Tunachotaka ni kesi ifungwe bila hukumu.

Baada ya kioo ndipo tunatoka nje, na uzingatifu ninaouamini uko huko. Kazi yake ya nyumbani ilikuwa kupanda daladala ya Kariakoo saa moja asubuhi bila barakoa, na badala ya kujiuliza abiria wanaona nini, asikilize konda anaita vituo gani, aone kitenge cha mama aliye mbele kina maua au ndege, ahisi bomba analoshikilia ni la baridi au lina jasho la wenzake. Wazo la pua litakuja, nalo litapanda bila nauli. Asibishane nalo, arejeshe masikio kwa konda. Hakuna binadamu anayetulia ndani ya daladala ya Kariakoo saa moja asubuhi, na mimi simtaki atulie. Alinitumia ujumbe wa sauti akihema: hofu ilikuwa juu safari nzima, na alijua kitenge kilikuwa na samaki.

Kuna dhana ya pili ambayo nitaigusa kwa ufupi zaidi, kwamba tiba ya mtandaoni ni nusu ya tiba. Taasisi ya Karolinska ya Uswidi ilitoa matokeo ya jaribio lake mwaka 2016: watu wazima 94 wenye dismofia, majuma 12, nusu yao wakipata tiba ya fikra na tabia kwa njia ya intaneti na nusu wakipata maneno ya kuwaunga mkono tu, kwa njia hiyohiyo. Miezi mitatu baada ya tiba kwisha, asilimia 56 ya kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu ya kueleweka, dhidi ya asilimia 13 ya kundi la pili. Watabibu na wagonjwa hawakuonana uso kwa uso, waliandikiana. Yatazame makundi hayo mawili: yote yalikuwa mtandaoni, yote yalikuwa na mtu mwema upande wa pili, na lililopata nafuu zaidi ni lile lililopewa kazi ya kukabili linachokiogopa na kuacha kujikagua.

Hata hivyo nina mashaka yangu. Wale wa Uswidi wengi walikuwa wanawake, na waliokuwa katika hatari kubwa ya kujiua hawakuingizwa, ilhali ugonjwa huu unajulikana kwa hatari hiyohiyo. Mimi sianzi na mteja wa mtandaoni kabla sijapata namba ya ndugu anayeweza kumfikia ndani ya saa moja na jina la hospitali iliyo karibu naye, na wapo niliowaambia wazi kwamba simu haitoshi, waende kwa daktari wa akili, ambaye pia ndiye mwenye mamlaka ya dawa, na dawa huwasaidia wengi. Zaidi ya hapo, somo la kioo likifanya kazi, siwezi kuapa kama ni kwa sababu jicho limejifunza kuona uso mzima au ni kwa sababu mtu amekaa na hofu yake bila kukimbia. Uzingatifu peke yake, bila mazoezi ya kukabili, ushahidi wake kwa ugonjwa huu ni mwembamba, na ninautumia kama chumvi, si kama ugali. Tena bando likiisha katikati ya somo la kioo, mteja hubaki peke yake na kile anachokiogopa, na hilo sijalipatia dawa.

Hata kile kidirisha kidogo kinachokuonyesha sura yako unapoongea kwa video kimenibadilisha msimamo mara mbili. Mwanzoni nilimwambia kila mteja akizibe kwa kipande cha karatasi. Baadaye nikaona karatasi imekuwa barakoa mpya. Siku hizi tunaziba vikao vya mwanzo, kisha tunafungua, na bado nina wasiwasi kama nafungua mapema.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la kutoa uhakikisho. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kwamba picha unayojipiga kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka umbali wa mita moja na nusu. Nilimweleza mteja jambo hilo nikijiona mwerevu. Alifurahi siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta amefunga rula kwenye simu kwa mpira, anapima umbali kabla ya kila picha, na idadi ya picha imeongezeka maradufu. Maneno ya kweli nayo hugeuka chakula cha ugonjwa yakiombwa kila siku.

Kwa hiyo yule baba nilimwandikia kwamba kijana akiuliza "pua yangu ikoje leo?", asimwambie ni nzuri wala asimkemee, amwambie, "Mwanangu, hilo swali tumekubaliana silijibu, twende tukanywe chai," na kweli waende wakanywe. Nikampa saa ya kikao cha kwanza. Akajibu baada ya dakika chache: "Nimekuelewa dada. Sasa hii programu niliyoilipia mwaka mzima, niifute?" Nikamwambia asiifute. Akikosa usingizi itamfaa yeye mwenyewe.