Yule mfugaji wa Hardin hakuwa na jirani

Kila mwaka napata proposo za utafiti za wanafunzi ambazo zinaanza na sentensi ile ile, kwamba malisho ya kijiji fulani yameharibika kwa sababu ni ya wote, na cha wote hakina mwenyewe. Ukimuuliza mwanafunzi hiyo kauli kaitoa wapi anakwambia ni nadharia, ipo kwenye vitabu. Ni kweli ipo. Mimi nafanya sosholojia ya mazingira na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia Usukumani, kwa hiyo leo naomba niliongee hili kwa kirefu maana siyo ubishi wa darasani tu, ni nadharia ambayo imewagharimu watu ardhi.

Aliyeieneza ni Garrett Hardin, mwanabaiolojia wa Marekani, kwenye makala yake ya 1968 iliyotoka kwenye jarida la Science. Anasema chukulia malisho yaliyo wazi kwa kila mtu, kila mfugaji anapiga hesabu zake: nikiongeza ng'ombe mmoja faida yote ni yangu, hasara ya majani kupungua tunagawana wote. Basi anaongeza, mwenzake naye anaongeza, mpaka ardhi inabaki vumbi. Watu wengi hawajui kwamba makala yenyewe wala haikuwa ya ufugaji, Hardin alikuwa anaongelea ongezeko la watu duniani na alitaka uzazi uwekewe mipaka kwa lazima, ng'ombe walikuwa mfano tu. Ila mfano ndo uliobaki vichwani mwa watu, ukaingia kwenye sera za ardhi na za mifugo mpaka huku kwetu.

Sasa mwangalie vizuri huyo mfugaji wake. Hana jirani, hana mkwe, hana baba mkubwa, haendi msibani kwa mtu, hakuna mzee wa kumwita akamuuliza ng'ombe wako walikuwa wanafanya nini kule bondeni. Anaona malisho yanaisha, anawaona wenzake nao wanayamaliza, na hafungui mdomo. Kwangu mimi tatizo liko hapo na ni tatizo la kifalsafa kabla halijawa la takwimu: Hardin alimchukua mtu, akamvua jamii yake yote, halafu hesabu za huyo mtu aliyebaki peke yake akazifanya ndo tabia ya binadamu. Ukishaimeza picha hiyo suluhisho zinabaki mbili tu, ardhi ichukuliwe na serikali au igawanywe kwa mtu mmoja mmoja. Wenyeji kukaa chini wakapanga wenyewe haimo kabisa kwenye hesabu. Hardin mwenyewe miaka ya 1990 alikuja kukubali kwamba alichokieleza ni ardhi ya wote isiyo na usimamizi, lakini hapo zilikuwa zimeshapita zaidi ya miaka 20 na sera zilishaandikwa.

Twende Shinyanga. Wasukuma wana kitu kinaitwa ngitili. Mvua zikianza kipande cha ardhi kinafungwa, mifugo haiingii, majani na miti vinaachwa vikue, halafu kiangazi kikikolea na mabua ya shambani yakishaisha ndo kinafunguliwa, tena kwa vipande, siyo chote kwa mpigo. Wanaotangulizwa ni wale wasioweza kutembea mbali: ndama, wagonjwa, waliozeeka, na maksai wa kulimia ambao lazima wafike msimu wa kulima wakiwa na nguvu. Kuna ngitili za familia, ambazo nyingi ni ekari chache tu, na kuna za kijiji ambazo ni kubwa zaidi.

Mfumo huu haukufa kwa sababu wafugaji walikuwa wachoyo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka pori ili kumaliza mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale, na aliyekuwa mbele kwenye kazi hiyo ni Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o makao yake yakiwa hapo hapo Shinyanga, akafa kwa ajali ya ndege 1938. (Mwanawe, Roger, ndo yule wa mpango wa Swynnerton wa 1954 uliowapa Wakenya hati za ardhi za mtu mmoja mmoja. Baba alifyeka pori la Wasukuma, mtoto akaja kugawa mashamba ya Wakikuyu, na mimi kila nikifundisha historia hii siwezi kuwapita hao wawili bila kuwataja.) Baada ya pori ikaja pamba, ikaja operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ambayo iliwahamisha watu kutoka kwenye nyumba zao na ngitili zao, sasa ngitili uliyoiacha huko ulikotoka nani atailinda? Kufika miaka ya 80 watu walikuwa wanauita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Norway. Mwanzoni walifanya kama miradi mingi inavyofanya, vitalu vya miche, miti ya kigeni, watu wanagawiwa wapande. Mwitikio ulikuwa hafifu. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu wa mradi walipoanza kuwauliza wazee zamani walikuwa wanafanyaje, jibu likawa ngitili. Na ardhi ile haikuhitaji miche mingi kivile, visiki na mizizi vilikuwa hai chini na mbegu zilikuwemo kwenye udongo, ukizuia mifugo na shoka misimu michache migunga inaanza kuchipua yenyewe. Mradi unaanza zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu za ngitili zinazojulikana, mradi unafungwa 2004 zilikuwa zimevuka 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, yaani pamoja na sehemu ambazo leo ziko Simiyu na Geita.

Watu wakisikia hizo namba wanauliza mbegu gani, mti gani. Mimi nauliza kikao gani. Maana kilichofufuka kwanza ni kanuni, majani yalifuata. Sheria za ngitili zilipangwa kwenye dagashida, ule mkutano wa kimila, zikapitishwa na serikali ya kijiji, na walinzi wakawa sungusungu. Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja cha aina hiyo, kesi ilikuwa ng'ombe za baba mmoja zimeingia ngitili ya kijiji kabla ya kufunguliwa. Banamhala, yaani wazee, hawakuanza na faini. Walianza kumuuliza zimeingia upande gani, maana upande wa mtoni ulikuwa umewekewa ndama. Akasema, "Wazee wangu, kisima changu kimekauka, kijana alikuwa anazipeleka maji." Ikatoka timu kwenda kukiangalia hicho kisima, wakarudi, kweli kimekauka. Faini alilipa, lakini ilipunguzwa, na hapo hapo wakakubaliana njia ya kupitisha mifugo kwenda majini mpaka mvua zinyeshe, na kwamba njia hiyo ni kwa yeyote mwenye shida hiyo hiyo. Kikao kilichukua karibu siku nzima. Hicho ndicho Hardin hakuwa nacho kwenye picha yake, watu wanaojuana, wanaoweza kwenda kukagua kisima cha mtu kabla ya kumhukumu.

Elinor Ostrom, mtafiti wa Marekani, alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha mambo haya haya kwa ushahidi, malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji Japani, mifereji ya umwagiliaji Hispania na Ufilipino, kitabu chake kikatoka 1990 na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Alichokuta ni kwamba mali za wote zinazodumu ni zile ambazo mipaka inajulikana, wanaotumia ndo wanaotunga kanuni, walinzi wanawajibika kwa watumiaji, na adhabu inaanza ndogo halafu inapanda kwa anayerudia. Soma hiyo halafu rudi kwenye kesi ya kisima.

Linganisha na Kajiado, kusini mwa Kenya. Mwaka huo huo wa 1968 Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za kikundi, yaani ardhi inayomilikiwa na kundi kwa pamoja, kwa Wamaasai, na kuanzia miaka ya 80 ranchi nyingi zikaanza kugawanywa, kila mtu na kipande chake na hati yake. Wengi waliuza. Uzio ukapanda, njia za ng'ombe kufuata mvua zikakatika, na ng'ombe wa nyanda kame bila kufuata mvua hawaishi. Hardin siyo aliyeyaleta hayo, fikra zilikuwepo kabla yake, ila nadharia yake iliwapa watu sababu ya kutokuuliza wafugaji wenyewe walikuwa wanajipangaje.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani ngitili ni paradiso. Ngitili za familia ziko kwa wenye ardhi, na asiye na ardhi anaishia kununua malisho kwa jirani, kwa hiyo pengo kati ya mwenye nacho na asiyenacho linaweza kuongezeka kwa sababu ya hifadhi hiyo hiyo tunayoisifu. Dagashida kwa asili ni mkutano wa wanaume, wakati kuni, nyasi za kuezekea na mboga za porini ni kazi ya wanawake kila siku ya Mungu, nao ndo wanaojua kipande gani kimeanza kuchoka. Halafu kuna suala la hati: sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kwa mtu mmoja na kwa kikundi pia, ila ngitili ya kijiji isiyoandikwa popote ni rahisi sana kumegwa na halmashauri ya kijiji ikihitaji eneo la mradi, au na watoto wa wenyewe wakitaka mashamba.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye proposo, kabla hujaandika kwamba malisho yameharibika kwa kuwa ni ya wote, nenda kaombe kusoma muhtasari wa vikao vya kijiji. Angalia kikao cha mwisho cha malisho kilikaa lini, nani alihudhuria, nani alitozwa faini na alilipa nini, na wanawake wangapi waliongea. Kama hakuna kikao hata kimoja, kaulize vikao vilikoma mwaka gani na nani alikuwa amekuja kijijini mwaka huo.