Mazingira pepe: ile folda ya .venv ina nini ndani?

Umejifunza Python mwenyewe, kidogo kwa video, kidogo kwa kusoma hapa na pale. Umefika kwenye Flask au Django, zana za kujengea tovuti kwa Python, na kila somo linaanza na amri ya kutengeneza kitu kinachoitwa mazingira pepe. Mwalimu anaiandika, anasema ni utaratibu mzuri, kisha anaendelea na mambo mengine. Nawe unaiandika kwa sababu yeye kaiandika. Halafu siku moja terminali inakujibu hivi:

`ModuleNotFoundError: No module named 'flask'`

Na una hakika Flask umeisakinisha, tena jana tu.

Nilikaa na kosa hilo usiku mzima wakati najifunza. Nilisakinisha Flask mara nne, na mara zote nne ujumbe ulisema imekubali. Haikuwa kwamba sikujua amri. Nilikosa jambo moja ambalo hakuna aliyenitamkia waziwazi: mazingira pepe ni folda. Si programu inayoendeshwa chinichini, si kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, wala si uzio wa usalama. Neno “pepe” tumelizoea kwenye barua pepe, kwa maana ya kitu kisichoshikika, lakini hiki kinashikika kabisa. Unaweza kukifungua, ukakisoma, na ukikichoka ukakifuta.

Basi tukifungue. Ukiwa ndani ya folda ya mradi wako, andika:

`python3 -m venv .venv`

Jina `.venv` ni mazoea tu, ungeweza kuiita chochote. Kwenye Linux na macOS utakuta ndani yake folda iitwayo `bin` na nyingine iitwayo `lib`. Kwenye Windows ya kwanza huitwa `Scripts` na ya pili `Lib`. Ndani ya `bin` kuna `python` na `pip`, ile zana ya kusakinisha vifurushi. Ndani ya `lib`, ukiteremka hatua mbili, unafika kwenye folda iitwayo `site-packages`, na hapo ndipo kila kifurushi utakachosakinisha kitakaa. Pembeni kuna faili dogo la maandishi, `pyvenv.cfg`. Lifungue kwa kihariri chochote, utaona mistari michache ya namna hii:

`home = /usr/bin`
`include-system-site-packages = false`
`version = 3.12.3`

Faili hilo dogo ndilo moyo wa jambo zima. Python inapoanza kufanya kazi, hutazama mahali ilipo yenyewe, na folda moja juu yake, kama kuna faili liitwalo `pyvenv.cfg`. Ikilikuta, inajua kwamba imeitwa kutoka ndani ya mazingira pepe. Mstari wa `home` unaiambia Python ya asili iko wapi, ili maktaba zinazokuja na lugha yenyewe, kama `json` na `datetime`, ziendelee kuchukuliwa kule. Mstari wa pili unaiambia isiguse vifurushi vilivyosakinishwa kwa ajili ya kompyuta nzima. Vifurushi vyako itavitafuta kwenye `site-packages` ya folda hii peke yake. Ile `python` iliyo ndani ya `bin` kwa kawaida si nakala kamili ya Python. Kwenye Linux ni kiungo kinachoelekeza kwa ile ya asili, ndiyo maana folda inatengenezwa haraka.

Unaweza kulithibitisha hili kwa mstari mmoja:

`python -c "import sys; print(sys.prefix, sys.base_prefix)"`

Njia mbili zikitofautiana, uko ndani ya mazingira pepe. Zikifanana, uko nje. Laiti ningeujua mstari huu usiku ule.

Na ile amri ya kuwasha, `source .venv/bin/activate`, inafanya nini? Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Inachukua njia ya folda `bin` na kuiweka mwanzoni mwa `PATH`, ile orodha ya mahali ambapo terminali hutafuta amri. Inaandika pia kigeu kiitwacho `VIRTUAL_ENV` na kuweka jina la mazingira mbele ya kidokezo cha terminali ili ujue uko wapi. Basi. Ukiandika `python` baada ya hapo, terminali inaikuta ya mradi wako kwanza. Ukifungua dirisha jingine la terminali, `PATH` ya dirisha hilo haijaguswa, kwa hiyo humo hujawasha kitu. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: umesakinisha Flask kwenye dirisha moja, unaendesha programu kwenye lingine.

Kuwasha kumewekwa kwa ajili ya kukupunguzia kuandika, wala si lazima. Ukiandika `.venv/bin/python app.py` bila kuwasha chochote, programu itapata vifurushi vyake vyote, kwa sababu `pyvenv.cfg` iko palepale. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye seva.

Kwa nini tujisumbue na folda kwa kila mradi? Jibu la kawaida ni kwamba miradi tofauti huhitaji matoleo tofauti. Ni kweli, lakini halimgusi mtu mwenye mradi mmoja. Ngoja nikuonyeshe kwa karibu zaidi.

Sakinisha Flask ya toleo la 3.0 kwenye mazingira mapya, kisha andika `pip list`. Uliomba kitu kimoja, lakini orodha inakuonyesha pia Werkzeug, Jinja2, MarkupSafe, itsdangerous, click na blinker. Sita hujaviomba. Flask inavitegemea, hivyo pip imevileta. Kila kimoja kina matoleo yake na watu wake wanaokitunza kwa ratiba yao wenyewe. Mwishoni mwa Septemba 2023 Werkzeug ilitoa toleo la 3.0, ambalo liliondoa baadhi ya vitu vya zamani, kikiwemo kitendakazi `url_quote`. Flask 2.2.2 ilikuwa inakitumia kitendakazi hicho, na masharti yake yalisema tu kwamba inahitaji Werkzeug 2.2.2 au zaidi, bila kuweka kikomo cha juu. Matokeo yake, mtu aliyeandika `Flask==2.2.2` kwenye faili lake la mahitaji, akadhani amejifunga salama, alipohamishia mradi kwenye seva mpya alipata hili:

`ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'`

Msimbo wake haukubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kifurushi ambacho hakuwahi kukitaja kwa jina.

Hapa ndipo folda ya `.venv` inapofanya kazi ambayo haionekani. Kwa kuwa ndani yake hamna kitu kingine isipokuwa mahitaji ya mradi huu, ukiandika `pip freeze > requirements.txt` unapata orodha kamili ya kila kifurushi na toleo lake, pamoja na vile ambavyo hukuviomba. Fanya hivyo nje ya mazingira pepe, na orodha itajaa vifurushi vya majaribio yako yote ya miaka miwili, pengine hata vile vya mfumo wa kompyuta. Orodha ya namna hiyo haimsaidii mtu. Kwangu mimi faida hii ya orodha safi ni kubwa kuliko ile ya kutenganisha matoleo, ingawa hiyo ya pili ndiyo hutajwa siku zote.

Sababu nyingine iko kwenye mfumo wenyewe. Matoleo mengi ya Linux yana zana zao zilizoandikwa kwa Python, na zana hizo hutegemea vifurushi vya Python ya mfumo. Ukisakinisha kwa `sudo pip install` unaweza kubadilisha kifurushi ambacho zana hizo zinakitegemea, nazo zikagoma. Ndiyo maana kuanzia Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, pip inakataa kusakinisha kwenye Python ya mfumo na kukupa ujumbe wenye maneno `externally-managed-environment`. Utaratibu huo umeelezwa kwenye pendekezo liitwalo PEP 668. Ukitafuta suluhisho haraka utaambiwa uongeze `--break-system-packages`. Soma jina la chaguo hilo taratibu, maana linasema wazi linachoweza kufanya. Ujumbe huo ni mfumo unakuomba utengeneze mazingira pepe, na ni bora uusikilize.

Tukirudi kwenye kosa la mwanzo, sasa linaelezeka. Kompyuta yako ina Python zaidi ya moja: ya mfumo, labda uliyopakua mwenyewe, na moja ndani ya kila `.venv`. Kila moja ina `site-packages` yake. Amri `pip` uliyoandika ilikuwa ya Python moja, na `python` iliyoendesha programu ilikuwa nyingine. Ukiandika `python -m pip install flask` badala ya `pip install flask`, unalazimisha pip iwe ya Python ileile utakayotumia kuendesha. Kihariri chako nacho huchagua Python yake bila kuitazama terminali. Kama msimbo unafanya kazi kwenye terminali lakini kihariri kinapiga mstari mwekundu chini ya `import flask`, kionyeshe iliko `python` ya ndani ya `.venv`, na mstari utaondoka.

Je, naweza kuihamisha folda ya mradi? Mradi ndiyo, `.venv` hapana. Fungua faili `.venv/bin/pip` uone mstari wa kwanza. Umeandikwa njia kamili ya Python, kuanzia mzizi wa diski hadi ndani ya folda ya mradi wako. Ukibadilisha jina la folda hiyo, mstari unaelekeza mahali pasipokuwepo, na terminali italalamika kuhusu `bad interpreter`. Usihangaike kurekebisha. Futa `.venv`, tengeneza mpya, endesha `pip install -r requirements.txt`, na kazi imekwisha. Kufuta hakuna hasara, kwa sababu hakuna chochote chako mle. Msimbo wako uwe nje siku zote, usiuhifadhi ndani ya `.venv`.

Kwa sababu hiyohiyo, folda hiyo haiingii kwenye Git, zana ya kutunza historia ya msimbo. Njia zilizomo ni za kompyuta yako, na baadhi ya vifurushi vina sehemu zilizotafsiriwa kwa lugha ya mashine kwa ajili ya mfumo mmoja tu. Kifurushi cha kuunganisha PostgreSQL kilichosakinishwa kwenye Windows hakitafanya kazi kwenye seva ya Linux. Kinachoingia kwenye Git ni `requirements.txt`. Andika `.venv/` kwenye `.gitignore`, faili linaloorodhesha vitu ambavyo Git iviache. Kuanzia Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, moduli ya `venv` huweka yenyewe faili la `.gitignore` ndani ya folda, lakini kuuandika mstari huo hakudhuru.

Moduli hiyo haikuwepo tangu zamani. Mwaka 2007 Ian Bicking, ambaye pia ndiye aliyeanzisha pip, alitoa zana iitwayo virtualenv, na watu wakaitumia kwa miaka. Wazo likaingizwa kwenye lugha yenyewe kupitia PEP 405 na kutoka na Python 3.3 mwaka 2012. Ndiyo maana bado utakutana na mafunzo yanayokutaka usakinishe `virtualenv` kwanza. Kwa mradi wa kawaida huhitaji. Zana kama Poetry na uv nazo hukutengenezea mazingira pepe na kukutunzia orodha ya matoleo, lakini chini yake folda ni ya aina hiyohiyo, na uliyoyasoma hapa yanabaki vilevile.

Sasa seva. Umepeleka msimbo, umeingia kwa terminali, umewasha mazingira, umeendesha Gunicorn, programu inayohudumia tovuti za Python, na tovuti imefunguka. Umeandika huduma ya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ili tovuti ijiwashe yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa, na huduma inakufa ikisema haiioni Flask. Au umeweka kazi ya cron, ile inayoendesha amri kwa ratiba, ya kutuma barua pepe kila usiku, na haitumi kitu. Sababu ni ile tuliyoiweka akiba: kuwasha kulibadilisha `PATH` ya dirisha lako tu. Wala systemd wala cron hawapiti kwenye dirisha hilo. Usijaribu kuwafundisha kuwasha. Wape njia kamili:

`ExecStart=/srv/mradi/.venv/bin/gunicorn app:app`

Na kwenye cron:

`0 2 * * * /srv/mradi/.venv/bin/python /srv/mradi/tuma.py`

Gunicorn iliyo ndani ya folda hiyo ina mstari wake wa kwanza unaoitaja Python ya folda hiyo, nayo inaikuta `pyvenv.cfg` na kuvipata vifurushi vyake. Hakuna haja ya `source` popote. Kama script yako inasoma faili lingine kwa jina tupu, liandikie nalo njia kamili, kwa sababu cron huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji na si kwenye folda ya mradi.