Gari gumu: maana yake, na kwa nini dereva wa Arusha au Moshi hutaka liwe lake

Ukimwambia dereva wa Arusha kwamba jirani yake kanunua gari gumu, hataanza na rangi wala mwaka wa kutengenezwa. Atauliza kama ni Mkonga, yaani Land Cruiser ya kazi, au Land Rover Defender, au Land Rover 109 ya zamani, kisha atauliza chesisi ikoje. Gari gumu si gari kubwa, na si gari lililoinuka tu kutoka chini. Harrier na RAV4 zimeinuka, tena barabara ya Moshi hadi Arusha zinaikata kwa raha kuliko Land Rover yoyote ya zamani, lakini hakuna anayeziita ngumu. Gari gumu ni lile linalobeba mzigo kwenye njia isiyo njia, mwaka baada ya mwaka, na likiharibika linatengenezeka pale pale lilipoharibikia. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na mimi naamini ndilo linalowafanya madereva wayapende magari haya kwa mapenzi ambayo mtu wa pembeni huyashangaa.

Tuanzie uvunguni. Magari mengi ya siku hizi, pamoja na yale marefu ya mjini, bodi na mifupa yake ni kitu kimoja. Ni mepesi, hayali mafuta sana, na kwenye lami yanatulia. Lakini yapitishe kwenye makorongo, tairi moja juu na jingine shimoni, siku nenda siku rudi, na bodi nzima inaanza kujipinda. Milango inagoma kufunga, kioo cha mbele kinapata ufa, vumbi linaingia kila mahali. Gari gumu limejengwa juu ya chesisi: boriti mbili ndefu za chuma, zimeunganishwa kwa vyuma vya kukingama mithili ya ngazi iliyolazwa, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti na mipira. Kipigo cha njia hupokewa na chesisi. Bodi inaweza kubonyea, kuchanika, hata kung'olewa na kuwekwa nyingine, na gari likabaki gari.

Ndiyo maana gereji za Arusha zimeweza kazi ambayo kiwanda cha Japani hakikuifanya. Mafundi huchukua Land Cruiser pikapu, wakakata chesisi, wakairefusha, wakajenga juu yake bodi ya viti vya wageni na paa linaloinuka ili watu wasimame kutazama simba. Magari mengi ya watalii unayopishana nayo Mto wa Mbu au Karatu yamezaliwa hivyo. Ni ufundi mkubwa, umekuzwa na mafundi wa hapa hapa, na sioni ukisifiwa inavyostahili.

Chini ya chesisi kuna ekseli. Ekseli ya gari gumu, hasa ya nyuma, ni chuma kizima kinachotoka tairi la kulia hadi la kushoto, difu ikiwa katikati. Kwenye lami ekseli hiyo ni nzito na inarusha abiria. Porini ina faida kubwa: haina viungo vingi vya kuchoka. Ukifika lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro lami inaishia hapo, na baada yake unapambana na mawimbi madogo magumu ya barabara ya changarawe hadi Serengeti. Mtetemo ule hulegeza nati, hukata vishikio vya shokapu, huvunja springi. Gari la mjini halistahimili msimu mmoja. Gari gumu nalo linaumia, lakini linaumia kwenye kitu unachokiona kwa macho na kukifikia kwa spana.

Sasa foo wili, yaani tairi zote nne kupewa nguvu na injini, ambayo watu wengi huitaja na wachache huielewa. Kazi ya difu ni kuruhusu tairi za pande mbili zizunguke kwa kasi tofauti, maana gari likikata kona tairi la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Ubaya wake ni kwamba tairi moja likikosa mshiko, nguvu hukimbilia huko huko lilikolegea. Gari linalosukumwa na tairi mbili tu likizamisha tairi moja kwenye tope, tairi hilo linazunguka bure na la pili linasimama kabisa ingawa liko pakavu. Ukiweka foo wili, ekseli ya mbele nayo inapewa nguvu, kwa hiyo unapata nafasi ya pili. Hata hivyo ipo hali inayowashangaza madereva wageni: tairi moja la mbele likining'inia na moja la nyuma la upande wa pili likining'inia, gari la foo wili nalo linasimama. Hapo ndipo inapohitajika difu loki, inayozifunga tairi za ekseli moja zizunguke pamoja, zitake zisitake.

Kisha kuna ile gia ndogo ya pembeni yenye H4, foo wili ya mwendo wa kawaida, na L4, foo wili ya mwendo mdogo. Ukiweka L4, mwendo unapungua sana na nguvu inayofika tairini inaongezeka mara mbili hivi au zaidi. Wengi hudhani L4 ni ya kupandia tu. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye kushuka. Ukuta wa Kreta ya Ngorongoro una kimo cha mita 600 hivi, na magari yasiyo ya foo wili hayaruhusiwi kushuka humo. Dereva mzoefu anayeteremka kreta kwa njia ya Seneto na gari lililojaa wageni huweka gia nzito na kuiacha injini ishikilie gari, mguu ukigusa breki kidogo kidogo. Anayeteremka kwa breki peke yake anazichemsha, na breki iliyochemka haishiki.

Jambo moja lishikwe vizuri, kwa sababu linaua magari mengi mazuri. Kwenye Land Cruiser za kazi, foo wili huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma kwa nguvu. Kwenye tope au mchanga tairi huteleza kidogo na tofauti ya mwendo inajimaliza. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza, kwa hiyo kila kona inasokota propela shafti na meno ya gia. Aliyetoka porini akasahau kutoa foo wili hadi Kisongo anajitafutia gharama.

Na lile bomba la hewa linalopanda kandokando ya kioo, lililoipatia Land Cruiser jina la Mkonga? Wengi huamini ni la kuvukia mito. Linasaidia, ndiyo, kwa kuwa injini ya dizeli ikimeza maji inaweza kukunja fimbo za pistoni. Lakini kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu, yenye vumbi pungufu kuliko ile inayotimuliwa na tairi. Anayeendesha kwenda Ngaresero, kwenye vumbi laini la volkano, anajua filta ya hewa ni uhai wa injini.

Uwezo wa gari, hata hivyo, haujibu swali zima. Gari lenye uwezo ambalo likizima linahitaji kompyuta ya kusoma hitilafu halimpi dereva wa huku amani. Injini iliyojenga heshima ya Mkonga ni 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, yenye pampu ya mafuta inayoendeshwa kwa gia badala ya umeme mwingi. Haina mbio. Shangingi la V8 litaiacha mbali kabla ya Makuyuni. Lakini dereva anaijua kwa sikio. Mlio ukibadilika anajua ni nozeli, moshi ukiwa mweusi anajua ni hewa au mafuta, na akiwa na feni belti ya akiba, waya, sabuni ya kuzibia tenki linalovuja na spana chache, anarudi nyumbani. Katikati ya Simanjiro wakati wa masika, umbali wa kutwa nzima kutoka duka la spea, mapenzi ya dereva kwa gari lake yanatoka hapo. Anapenda kwa sababu anaelewa.

Magari haya yalizaliwa na tabia hiyo tangu mwanzo. Land Rover ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani na chuma kikiwa cha mgawo, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, karibu zote vipande bapa. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, na bapa lililobonyea hunyooshwa kwa nyundo chini ya mti. Toyota walitengeneza gari lao la kwanza la aina hii mwaka 1951, likaitwa Land Cruiser kuanzia 1954, na Mkonga tunaoufahamu ni wa familia ya 70 iliyotoka mwaka 1984. Ile 109 inabeba jina la vipimo vyake: inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Zilikoma kuundwa miaka ya 1980, na bado ziko zinazobeba abiria, mahindi na mbuzi katika vijiji vya Wamasai. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, wenye magari wakajitokeza kwa mamia kuyapanga kwenye msafara mmoja mrefu. Walikuja kuonyesha kwamba gari la baba bado linawaka.

Kumiliki ni habari nyingine tena. Dereva anayeendesha gari la kampuni anategemea mshahara na tipu. Mwenye lake, msimu wa wageni ukifika, Juni hadi Oktoba na tena mwisho wa mwaka, hukodisha gari na mwenyewe akiwa usukani. Aprili na Mei watalii wakipungua, gari halilali: litakwenda minadani Longido, litabeba maharage, litapeleka vifaa vya ujenzi kwenye shule ambayo lori haliifikii. Mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Mwasapile, Babu wa Loliondo, foleni za magari zilikuwa za kilomita nyingi na watu walilala njiani. Mwenye gari la foo wili Arusha hakuhitaji kutafuta abiria. Na likiwa limetunzwa, bei yake haiporomoki kama ya gari la mjini, ndiyo sababu dereva huliona kama shamba au nyumba, mali anayoweza kuwaachia watoto.

Upande wa Moshi sababu huwa ya karibu zaidi na nyumbani. Masika yakishika, njia za Kibosho, Uru na Rombo zilizo nje ya lami huwa udongo mwekundu unaoteleza vibaya, mteremko juu ya mteremko, mfereji pembeni. Wachaga huzika kihambani, na msiba hausubiri barabara ikauke. Mwenye gari gumu ndiye anayepandisha jeneza hadi mlangoni. Ndiye anayepigiwa simu saa nane za usiku: "Shemeji, uchungu umeanza, tunaomba utushushe hospitali ya Mawenzi." Hawezi kukataa, na ukweli ni kwamba hapendi kukataa. Heshima anayoipata kijijini haitokani na bei ya gari. Inatokana na kwamba akisema atafika, watu wanajua atafika.

Simshauri kila mtu alinunue, na nasema hivi kwa sababu nayapenda magari haya. Kama safari zako ni Njiro hadi Mnara wa Saa, utakuwa unachoma mafuta bure. Mkonga wa 1HZ ukifika kilomita 7 au 8 kwa lita umejitahidi, na ukiwa kwenye L4 usihesabu kabisa. Usukani ni mzito, kusimama kunahitaji nafasi kuliko gari dogo, na gari refu lenye mzigo juu ya paa hupinduka kwa kona ambayo gari la chini lingepita. Foo wili haimsaidii mtu kusimama. Nimeona vijana wakiamini kwamba gari gumu linasamehe mwendo kasi, na imani hiyo inaua.

Wengine wanasema wakati wake unakwisha, hasa sasa ambapo Arusha yameshaonekana magari ya safari yaliyong'olewa dizeli na kuwekewa mota ya umeme. Mimi siogopi hilo. Kilichobaki chini ya mota hizo ni chesisi ile ile na ekseli zile zile, na gari lisilo na mlio linamkaribia tembo kwa upole zaidi.

Ukiamua kununua lililotumika, acha rangi na viti, lala chini na tochi. Tafuta kutu kwenye chesisi, hasa pale ekseli ya nyuma inapofungiwa, na kwa Land Rover usidanganywe na bodi ya alumini iliyo safi, kwa kuwa chesisi yake ni chuma na huoza kimyakimya. Gari lililorefushwa, angalia maungio: pawe pameongezewa bapa la chuma pande zote, bila ufa pembezoni mwa weldingi. Peleka gari kwenye udongo uliolegea, weka L4, endesha taratibu, sikiliza mbele. Sauti ya kukatika-katika unapokata kona ni viungo vya ekseli ya mbele. Kisha mpeleke fundi unayemwamini wewe, si wa muuzaji, na malizia bei baada ya yeye kutoka uvunguni.