Je, wajua kwa nini roboti inayochomelea magari hutolewa jasho na taulo?

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliipa roboti iitwayo PR2 rundo la taulo ikunje. Ilizikunja, tena vizuri, ila taulo moja iliichukua kama dakika 25.

Ajabu ni kwamba roboti zilikuwa viwandani tangu 1961, pale Unimate ilipoanza kutoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kusubu katika kiwanda cha General Motors, New Jersey. Lakini chuma kile kilikuja kila mara mahali palepale, kwa umbo lilelile. Unimate haikuhitaji hata macho; ilirudia mwendo iliofundishwa, basi.

Taulo haina umbo. Ukiitupa mara mia, itaanguka kwa namna mia. Roboti lazima itafute pembe iliyojificha, ikamate bila kuvuta mno, ihisi kitambaa kinapoteleza. Mkono wako una mifupa 27, na kiganja kina vihisio vya mguso vipatavyo 17,000. Unautumia bila kujua unavyoutumia, na hapo ndipo penye tatizo: usilojua unavyolifanya huwezi kuliandikia maelekezo. (Jaribu kumweleza mtu kwa simu namna ya kufunga kamba za viatu.)

Hans Moravec, mtafiti wa roboti, alilisema hili mwaka 1988: ni rahisi kuipa kompyuta akili ya mtu mzima mchezoni, ila ni vigumu kuipa wepesi wa mtoto wa mwaka mmoja. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov. Aliyeisogezea kete zake ubaoni? Binadamu.

Siku hizi baadhi ya roboti haziandikiwi kila hatua. Mtu huiongoza mikono ya roboti mara nyingi, nayo programu hujifunza kutokana na mifano hiyo. Ndiyo maana kukunja nguo sasa ni suala la dakika chache. Hata hivyo, anayeuliza kama roboti itamchukulia kazi asitazame vyeti vyake. Atazame kama vitu anavyovishika humjia vilevile kila siku. Fundi bomba anayepenyeza mkono nyuma ya sinki, gizani, akitafuta nati kwa kupapasa, bado yuko mbali na zamu yake.