Aliyesoma kitengo naye ana nafasi chuoni

Minada ya korosho ikishaanza, wazazi kutoka Newala, Tandahimba na Masasi hutujia kuulizia nafasi za chuo chetu cha ufundi. Huyu amwombee mwanawe ufundi umeme, yule ushonaji. Ukiuliza kama kuna mwingine nyumbani, sauti hushuka: "Yupo, mwalimu, ila huyo alisoma kitengo." Yaani alisoma darasa maalumu la watoto wenye ulemavu wa akili. Mazungumzo huishia hapo, na kijana wa miaka 19 anabaki kulinda nyumba. Jambo hili linaniuma.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Wala si mtindio wa ubongo, ambao huathiri misuli na mwendo. Wengi wenye mtindio wana uelewa wa kawaida kabisa. Mwenye ulemavu wa akili hujifunza taratibu, na maandishi, hesabu na maelezo marefu humpa shida tangu utotoni. Lakini anajifunza.

Nilimwona binti mmoja akihangaika wiki mbili kutunga uzi kwenye cherehani. Alikuwa akielezwa njia nzima kwa mkupuo, kama wenzake. Mkufunzi wake akabandika alama za rangi kila mahali uzi unapopita: nyekundu, njano, kijani, na buluu karibu na sindano. Akapiga picha ya kila hatua, akazitundika ukutani. Siku ya tatu binti akatunga mwenyewe. Jirani yake, mwenye cheti cha kidato cha nne, naye akawa anazichungulia picha zilezile.

Hiyo ndiyo elimu jumuishi: darasa moja, kazi ileile, njia ya kufundishia ndiyo inayobadilika. Mtihani uwe wa vitendo, maswali yaulizwe kwa mdomo, muda uongezwe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inataja pia mafunzo ya ufundi na elimu ya juu. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu. Marekani, tangu 2008, wanafunzi wenye ulemavu wa akili wanaweza kupata msaada wa ada wa serikali katika programu zilizoidhinishwa, hata bila cheti cha sekondari. Kwetu bado fomu inauliza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwanza, na wengi hukwama hapo.

Mzazi, ukija, njoo naye. Tueleze anachoweza: anabangua korosho bila kuzivunja? Akitumwa dukani anarudi na chenji kamili? Mkufunzi ataanzia hapo.