Kwa nini modemu yenye kazi chache ndiyo inayoifaa ngome ya nyumbani?

Mtu ananunua ngome ya mtandao, ile fayawoli ya kulinda vifaa vya nyumbani, anaichomeka nyuma ya kisanduku alicholetewa na mtoa huduma wa intaneti, na taa zote zinawaka. Kurasa zinafunguka, video zinacheza. Lakini akiwa mbali na nyumbani akijaribu kuingia kwa VPN (njia ya siri ya kujiunga na mtandao wa nyumbani ukiwa mbali) ili aone kamera zake, hafiki. Mchezo wa mtandaoni nao unakataa wenzake wasijiunge naye. Ngome ni nzima na intaneti ipo. Sasa tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye kisanduku hicho. Tumezoea kukiita modemu, lakini ndani yake mna vifaa kadhaa vilivyofungwa pamoja. Mna modemu yenyewe, ambayo kazi yake ni kupokea mawimbi ya waya wa simu au kebo na kuyageuza kuwa data inayoeleweka na kompyuta. (Kwenye faiba kazi hiyo hufanywa na kifaa kiitwacho ONT.) Mna ruta, inayogawa anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kifaa mtandaoni, kwa simu na kompyuta zako. Mna Wi-Fi, na kwa kawaida mna ngome ndogo pia. Ukiweka ngome yako nyuma yake, unakuwa na walinzi wawili kwenye njia moja, na yule wa nje hajui kabisa umempa yule wa ndani maagizo gani.

Anwani za mfumo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu, hazivitoshi vifaa vyote vya dunia. Ndiyo maana mwaka 1994 ulichapishwa utaratibu wa NAT, wa vifaa vingi kutumia anwani moja ya umma, na mwaka huohuo zikatengwa anwani maalumu za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168 ambazo karibu kila nyumba inazo. Simu yako ikiomba ukurasa, ruta huiondoa anwani ya ndani, huweka anwani moja ya umma, kisha huandika kwenye jedwali lake nani ameomba nini. Jibu likirudi, hulitazama jedwali na kulipeleka kwa mwenyewe.

Mawasiliano yanayoanzia ndani huvumilia hata yakibadilishiwa anwani mara mbili, kwani kila ruta ina kumbukumbu yake. Kwa hiyo kurasa zinafunguka na unadhani mambo yako sawa. Yanayokwama ni yale yanayoanzia nje. Ombi la VPN linafika kwenye kisanduku cha kwanza, halipatikani kwenye jedwali, linatupwa. Ngome yenye kanuni ulizozipanga kwa uangalifu hata haijui kwamba ulibisha hodi. Na ikitokea visanduku vyote viwili vinatumia 192.168.1, hali inakuwa mbaya zaidi, maana ngome haiwezi tena kutofautisha mtandao wa nje na wa ndani.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni modemu tupu, au kisanduku kinachoweza kuzimwa kazi zote za ruta kikabaki kupitisha data tu. Hali hiyo ni ya daraja, na kwenye menyu nyingi utaikuta kwa jina la "Bridge". Modemu za laini ya simu za 4G na 5G huwa na mpangilio unaokaribiana nayo, wa kuikabidhi ngome anwani ya IP kama ilivyo. Kwangu mimi hili ndilo swali la kwanza kabla ya kutoa pesa, hata kabla ya kasi. Kisanduku chenye antena nane lakini kisicho na hali ya daraja hakikufai.

Kisha modemu iendane na laini. Ya VDSL, yaani ya waya wa simu, haifanyi kazi kwenye kebo, na kwenye kebo unahitaji ya DOCSIS (kiwango cha intaneti ya kebo) 3.1 au 3.0 ambayo mtoa huduma wako anaitambua. Asipoiandikisha, haitapata huduma hata iwe bora namna gani. Kwenye faiba, ONT kwa kawaida ni ya mtoa huduma mwenyewe, hivyo omba aiweke kwenye hali ya daraja. Uliza pia kama laini inatumia PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma, kwa sababu jina la mtumiaji na nywila zitahamia kwenye ngome. PPPoE hula baiti 8 za kila pakiti (kifungu kimoja cha data), ukubwa wa juu ukishuka kutoka 1500 hadi 1492. Ngome isipopangwa hivyo, utaona tovuti baadhi zinagoma kufunguka huku nyingine zikienda vizuri, hitilafu inayochosha sana kuitafuta. Kifurushi kikizidi gigabiti 1 kwa sekunde, hakikisha tundu la modemu na la ngome yote ni ya gigabiti 2.5 au zaidi.

Usalama nao unadai modemu iwe na kazi chache. Novemba 2016, nchini Ujerumani, ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom ziliathirika pale washambuliaji walipojaribu kuzivamia kupitia mlango wa mtandao ("port") namba 7547, unaotumika kuzisimamia ruta kutoka mbali. Hakuna ngome iliyokaa nyuma ya ruta hizo ambayo ingeweza kuzikinga, kwa kuwa shambulio liliishia mlangoni kabla ya kuifikia. Kila huduma inayowaka upande wa nje wa ngome yako ni mahali ambapo huwezi kulinda mwenyewe.

Ukishaweka hali ya daraja, zima modemu kabisa kisha uiwashe, hasa ya kebo, kwani nyingi hukumbuka kifaa cha kwanza zilichokiona na kukataa kingine. Halafu fungua ukurasa wa ngome utazame anwani ya upande wa nje. Ikianza na 192.168, bado kuna ruta katikati. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma mwenyewe anafanya NAT kwa wateja wengi kwa pamoja, kwa anwani zilizotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Hapo usibadilishe modemu, haitasaidia. Mwombe anwani ya umma, au muulize kama anatoa IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi.